Kufuatilia asili ya neno hatua kwa hatua: "sukari" kutoka Kisanskriti hadi kwenye chai yetu

Mijadala ya asili ya maneno kwenye makundi ya WhatsApp haina mpya. Mmoja anasema "sukari" ni Kiarabu. Wa pili anabisha: ni Kihindi, Wahindi ndio waliojenga viwanda. Wa tatu anakuja na Kiingereza, kwani sugar na sukari si zinafanana? Watu wanarushiana maneno hadi usiku, na hakuna hata mmoja aliyefungua kamusi.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulifuata neno hadi chimbuko lake bila kubahatisha. Nimechagua "sukari" kwa kuwa ni neno lenye asili ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lililoenea karibu dunia nzima, ushahidi wake umeandikwa kwa zaidi ya miaka 1,900, na mmoja wa mashahidi wake wa kale anaitaja pwani ya Afrika Mashariki. Hatua hizihizi zitakufaa kwa maneno mengine, na mwishoni nimeacha matatu ya kujaribu mwenyewe.

Vifaa

Simu yenye intaneti na daftari vinatosha. Kwa upande wa Kiswahili, kamusi ya Johnson ya 1939 huweka alama ya lugha ambako neno limetoka: Kiarabu, Kiajemi, Kihindi. Ya Sacleux, iliyoanza kutoka Paris mwaka huohuo, ni tajiri kwa lahaja, ila imeandikwa kwa Kifaransa. Ya Krapf, iliyochapishwa 1882, ni nzuri kwa kuona neno lilivyosikika Mombasa karne ya 19.

Kwa upande wa Bara Hindi na Uajemi, Chuo Kikuu cha Cologne kimeweka mtandaoni bure kamusi za Kisanskriti, ikiwamo ile ya Monier-Williams ya 1899. Chuo Kikuu cha Chicago nacho kimeweka kamusi za lugha za Asia ya Kusini: Turner kwa lugha za jamii ya Kihindi, Platts kwa Kihindi na Kiurdu, Steingass kwa Kiajemi. Kwa Kiarabu, Lane. Si lazima ujue kusoma hati ya Kihindi. Nyingi ya hizi hukubali utafute kwa herufi za Kilatini.

Hatua ya 1: Kusanya matumizi ya leo

Usianze na kamusi za kigeni. Anza na vinywa vya watu. Andika kila umbo la neno na kila maana unayoisikia, hata zile zinazoonekana hazihusiani.

Kwa "sukari" daftari langu lina haya. Sukari ya kuweka kwenye chai. Sukari ya mwilini: mtu akisema "sukari imepanda" huenda anazungumzia bei dukani, huenda anazungumzia vipimo vya mama yake hospitalini, na ni muktadha tu unaoamua. Kisukari, ugonjwa. Kisukari tena, ndizi ndogo tamu, ambayo sehemu nyingine huitwa sukari ndizi. Sukari guru, ile ya kahawia isiyosafishwa, inayopatikana kwa kuchemsha maji ya miwa hadi yakaganda bila kuondoa masalo yake. Kenya utaisikia zaidi kama sukari nguru.

Andika pia jirani wa neno ambaye hafanani nalo. Mmea wenyewe tunauita muwa, wingi miwa, neno lililokaa sawasawa katika ngeli ya U-I na halina dalili yoyote ya kuja na jahazi. Kumbe tulikuwa na jina letu la mmea, tukaazima jina la bidhaa inayotengenezwa kutokana nao. Jambo hili ni la kuzingatia, kwa sababu linakuambia neno lilisafiri na biashara ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo utafute njia za wafanyabiashara kabla ya njia za wakulima.

Hatua ya 2: Tafuta mlango wa karibu

Neno lina mlango na lina chimbuko. Mlango ni lugha iliyotukabidhi neno mkononi. Chimbuko ni lugha ya mbali zaidi ambako linaweza kufuatwa. Ugomvi mwingi wa WhatsApp ni watu wawili, mmoja anataja mlango na mwenzake chimbuko.

Mlango hujulikana kwa umbo. Tuna lugha nne zinazoweza kudai "sukari": Kiarabu sukkar, Kiajemi shakar, Kihindi shakkar, Kiingereza sugar. Zipime moja moja.

Kiswahili hakina shida na sauti sh. Tuna shamba, shoka, shingo. Kama neno lingetoka moja kwa moja kwa Waajemi au Wahindi, tungetarajia kitu kama "shakari". Kama lingetoka kwa Waingereza, tungepata "shuga", na ndivyo Washona wa Zimbabwe walivyolichukua: shuga. Letu lina s mwanzoni na u katika silabi ya kwanza. Umbo lenye sifa hizo zote mbili ni la Kiarabu.

Mwisho wa neno nao unathibitisha. Maneno ya Kiarabu yanayoishia na r, yakifika kwetu, kwa kawaida hupewa i: khabar ikawa habari, bahr ikawa bahari, wazir ikawa waziri, harir ikawa hariri. Hivyo sukkar lazima iwe sukari, na k mbili za Kiarabu zimebaki moja kwa kuwa Kiswahili sanifu hakikazi konsonanti namna hiyo. Ukiona neno linafuata kanuni ambayo maneno mengine kumi yameifuata, umepata ushahidi. Ukilazimika kubuni kanuni kwa ajili ya neno moja tu, rudi nyuma.

Mlango basi ni Kiarabu. Watu wengi huishia hapa, na kamusi nyingi pia.

Hatua ya 3: Uliza kama mlango ni mwenyeji au mpitaji

Kiarabu kina kipimo kizuri sana: mzizi. Maneno yake ya asili hujengwa juu ya konsonanti, kwa kawaida tatu, na maana ya mzizi huonekana katika ukoo mzima. Kitabu, katibu na maktaba zote zinatokana na k-t-b, kuandika, na hata sisi tusiojua Kiarabu tunauona ukoo huo.

Jaribu hivyo kwa sukkar. Konsonanti ni s-k-r. Mzizi huo upo, lakini maana yake ni kulewa na kuziba. Tunao hata sisi mtoto wake mmoja: sakarati, kama katika sakaratul-mauti, lile wenge la mtu anayekata roho, ambalo Qurani inalitaja katika sura ya 50. Utamu haumo. Mtu mwenye haraka angeweza kusema sukari hulewesha, au kwamba miwa hutengenezewa pombe, akajifurahisha. Wanaleksikografia wa Kiarabu wenyewe walilitambua sukkar kuwa neno la kigeni lililotoka Uajemi.

Kiajemi kinasema shakar, wakati mwingine shakkar. Je, sh ya Kiajemi hugeuka s katika Kiarabu? Hugeuka, tena mara nyingi. Mji wa Nishapur Waarabu waliuita Naysabur. Harufu ya mushk wakaiita misk, nasi tukaipokea kama miski. Kanuni imesimama.

Swali lilelile uliulize kwa Kiajemi. Hapo utagundua kwamba shakar nalo halina ukoo nyumbani, ila kuvuka mashariki tu linapata ndugu tele: Kihindi shakkar, Kipali (lugha nyingine ya kale ya India) sakkharā, na nyuma ya wote Kisanskriti śarkarā. Herufi hiyo ś unaweza kuitamka kama sh yetu.

Hatua ya 4: Hakikisha sauti zinaeleza safari

Hapa ndipo wengi huchoka, na mimi naiona ndiyo hatua tamu kuliko zote.

Śarkarā ina r mbili. Sakkharā ina moja, na k yake imekazwa. R ya kwanza imekwenda wapi? Imemezwa na k iliyoifuata. Lugha za mitaani za India ya kale, zinazoitwa kwa jumla Kiprakriti, zilifanya hivyo kila mahali: dharma ikawa dhamma, karma ikawa kamma, sarpa, yaani nyoka, ikawa sappa. Kwa hiyo k iliyokazwa katika sukkar ya Kiarabu na shakkar ya Kihindi ni alama ya r iliyopotea zamani huko India.

Inakuambia jambo jingine pia. Waliolibeba neno hili nje hawakulitoa kwenye vitabu vya makuhani, maana humo r imehifadhiwa hadi leo. Walilisikia sokoni, kwa watu waliokuwa wakiuza.

Hatua ya 5: Tafuta mashahidi wenye tarehe

Sauti hukupa mpangilio, lakini hazikupi mwaka. Kwa hilo unahitaji maandishi, na ukiyapata zingatia mambo matatu: nani aliandika, aliandika lini, na alikuwa ameona kitu chenyewe au amesikia tu.

Arthashastra, kitabu cha Kihindi cha utawala na uchumi kilichoandikwa kwa Kisanskriti, kinaorodhesha bidhaa zinazotokana na miwa zinazopaswa kuwekwa ghalani: phāṇita, guḍa, matsyaṇḍikā, khaṇḍa, śarkarā. Tarehe yake inabishaniwa, wengi wakiiweka kati ya karne za mwisho kabla ya Kristo na za mwanzo baada yake. Isome tena orodha hiyo. Ya pili ni guḍa na ya mwisho ni śarkarā. Guḍa ndiyo gur ya Kihindi cha leo, nayo ndiyo "guru" yetu. Maana yake ni kwamba mwanamke anayepima sukari guru sokoni Tanga anatamka maneno mawili yaliyokaa katika mstari mmoja wa kitabu cha ghala la mfalme wa India.

Karne ya 1, tabibu Dioscorides, aliyeandika kwa Kigiriki, anaeleza sakkharon: aina ya asali iliyoganda, inayopatikana kwenye matete ya India na Arabia, iliyoshikana kama chumvi na inayovunjika menoni kama chumvi. Katika karne hiyohiyo Plinius wa Roma anasema inatumika kwa dawa tu. Ni wazi hakuna aliyekuwa akiitia kwenye kinywaji cha asubuhi.

Shahidi ninayempenda zaidi ni mfanyabiashara asiyejulikana jina, mwenye kuandika Kigiriki na kuishi Misri, aliyeacha mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi uitwao Periplus. Nao ni wa karne ya 1. Huyu anataja mzigo uliotoka Barygaza, yaani Bharuch ya leo huko Gujarat, kwenda kwenye bandari za pwani ya Somalia: ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na "asali ya matete iitwayo sakkhari". Kurasa chache baadaye anashuka kusini hadi Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na soko lake la mwisho, Rhapta. Hasemi kwamba sakkhari ilifika Rhapta, kwa hiyo na wewe usiseme. Lakini jina la Kihindi la bidhaa hii lilikuwa likitamkwa kwenye bandari za Pembe ya Afrika karne sita kabla ya Uislamu.

Onyo dogo: ushahidi huo haubadilishi mlango tulioupata katika hatua ya 2. Neno linaweza kupita mahali mapema lisiache kitu, kisha likarudi kwa njia nyingine likakaa. Umbo la "sukari" linasema Kiarabu, na umbo ndilo tunalolifuata.

Hatua ya 6: Tafuta milango mingine iliyofunguka kutoka chimbuko hilohilo

Sasa geuka. Badala ya kurudi nyuma kutoka kwetu, simama India na uangalie neno lilitoka kwa njia zipi. Kwa śarkarā ziko angalau nne.

Njia ya Kiarabu ndiyo kubwa. Waarabu walipopeleka kilimo cha miwa Misri, Sicily na Hispania, neno lilikwenda nao. Waitaliano wakasema zucchero, Wafaransa sucre, Wajerumani Zucker, Waingereza sugar. Wahispania na Wareno walilichukua pamoja na kitambulishi cha Kiarabu, ile al- inayotangulia nomino na ambayo hapa hutamkwa as-: as-sukkar, wakapata azúcar na açúcar. Sisi kwa kawaida hatubebi kitambulishi hicho, isipokuwa kwenye maneno machache kama alfajiri, alasiri na Alhamisi.

Njia ya Kigiriki ilikuwa ya vitabu. Kutoka sakkharon wanasayansi walitengeneza majina: mwanabotania Linnaeus aliuita muwa Saccharum officinarum mwaka 1753, sakarini, utamu wa kutengenezwa maabara, ilipewa jina baada ya kugunduliwa 1879 na Constantin Fahlberg katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na kuvu wa hamira anaitwa Saccharomyces. Kirusi sakhar nacho kilipitia Ugiriki.

Njia ya Kiajemi iliwapa Waturuki şeker, ambayo kwao ni sukari na pia peremende.

Njia ya nne ni ya Wareno, nayo ina kichekesho. Katika pwani ya Malabar walisikia neno la Kimalayalamu chakkara, mtoto mwingine wa śarkarā, wakaliandika jágara. Waingereza wakalipokea kama jaggery. Hilo ndilo jina utakaloliona kwenye habari za viwanda vidogo vya sukari nguru vya Kenya magharibi. Basi Mkenya akisema "jaggery ni sukari nguru", jaggery na sukari ni neno moja lililozunguka dunia kwa njia mbili likakutana Kakamega.

Afrika yenyewe inahitaji daftari lake. Kinyarwanda na Kirundi husema isukari, Kilingala sukali, Kiganda sukaali, Kikikuyu cukari, Kisomali sonkor. Kixhosa kina iswekile na Kitswana kina sukiri, zote mbili kutoka suiker ya Kiafrikana. Yaani neno lilitoka kwa Waarabu, likapanda Ulaya, likashuka tena Afrika kusini kwa meli za Waholanzi. Wamalagasi ndio waliokataa kuazima. Wao husema siramamy: sira ni chumvi, mamy ni tamu. Chumvi tamu. Dioscorides angewaelewa mara moja.

Hatua ya 7: Fuata maana, usifuate sauti peke yake

Maana ya kwanza ya śarkarā si utamu. Ni changarawe, kokoto ndogo, chenga za mawe. Baadaye ndipo ikatumika kwa sukari iliyogandishwa ikawa chembechembe, ili kuitofautisha na guḍa, ambayo ni donge. Wahindi walikuwa wakieleza umbo la kitu, kwa kuwa utamu ulikuwa katika zote mbili. Wachina, kwa njia yao, huita sukari ya chembe shatang, na neno sha ndani yake ni mchanga.

Hili lina matokeo ya kitabibu yanayoweza kumpotosha msomaji. Katika vitabu vya tiba vya kale vya India, śarkarā kama ugonjwa ni changarawe za kwenye mkojo, ndugu wa mawe ya figo. Sisi tukisema ugonjwa wa sukari au kisukari, tunazungumzia jambo jingine kabisa. Hilo la kwetu Wahindi huliita madhumeha, mkojo wa asali. Ukikuta tafsiri ya mtandaoni inasema matabibu wa Kisanskriti walitibu "ugonjwa wa śarkarā", usikimbilie kuandika kisukari.

Maana huhama hata nyumbani. Leo ukienda Delhi kununua sukari nyeupe, utaomba chini, neno lenye maana ya "ya China". Ukitaka ile ya mabonge angavu kama kioo, utaomba mishri, "ya Misri". Shakkar imebaki kwa ile ya unga wa kahawia. Nchi iliyoipa dunia jina la sukari huinunua kwa majina ya nchi za watu.

Usidharau viambishi. Kisukari kimepata ki- ileile iliyomo kwenye kifafa, kichocho na kifaduro, ki- ya maradhi. Kisukari cha ndizi kina ki- ya udogo. Neno lililoazimwa likianza kuzaa kwa kanuni za wenyeji, limekwisha kuwa raia.

Hatua ya 8: Pima mitego

Mtego wa kwanza ni guru. Siku hizi mtu bingwa wa jambo huitwa guru, na nimeshaona maelezo kwamba sukari guru ni sukari "kuu" au "ya bwana mkubwa". Guru ya ubingwa ni neno jingine la Kisanskriti, guru, lenye maana ya zito, na kwa hiyo mtu wa kuheshimiwa, mwalimu. Ya sukari ni guḍa, donge. Kiindonesia kimeyapokea yote mawili bila kuyachanganya: guru ni mwalimu, gula ni sukari. Kiswahili kimeyaangusha kwenye umbo moja. Na Wakenya kwa kuongeza n wamelisogeza hadi kwa samaki nguru, ambaye hahusiki hata kidogo.

Mtego wa pili ni maandishi ya Kiarabu yasiyo na irabu. Shakar, sukari ya Kiajemi, na shukr, ya kushukuru, huandikwa kwa herufi zilezile. Ukisoma chapisho linalodai sukari na shukrani ni mzizi mmoja kwa kuwa "zinaandikwa sawa", umeshajua kosa liko wapi.

Mtego wa tatu ni kufanana kabisa. Wahausa nao husema sukari. Hawakuichukua kwetu, wala sisi kwao. Kila upande ulipokea sukkar kwa njia yake, wao kupitia Sahara, sisi kupitia bahari, na kila lugha ikaongeza i mwishoni.

Hatua ya 9: Andika kadi ya neno

Usiandike insha. Andika kadi fupi ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Ya kwangu inasomeka hivi:

SUKARI. Ngeli: I-ZI.
Mlango: Kiarabu sukkar. Sababu: s na u mwanzoni; i baada ya r kama habari, bahari, waziri.
Nyuma yake: Kiajemi shakar (sh ikawa s kama mushk, misk).
Nyuma yake: Kiprakriti, rk ikawa kk (kama karma, kamma).
Chimbuko: Kisanskriti śarkarā, changarawe, kisha sukari ya chembe.
Shahidi wa zamani kwa pwani: Periplus, karne ya 1, sakkhari, bandari za Somalia.
Ndugu: sugar, azúcar, sakarini, jaggery.
Wasiohusika: sakarati, shukuru.
Watoto nyumbani: kisukari (ugonjwa), kisukari (ndizi).

Mstari wa "wasiohusika" watu huuruka. Mimi huona ni wa lazima, kwa sababu anayekuja baada yako ataanguka palepale ulipotaka kuanguka wewe.

Maneno matatu ya kujaribu

Laki. Hili halikupita Uarabuni. Anza na lakh ya Kihindi, urudi hadi lakṣa. Kisha angalia Kiindonesia, ambako laksa ni 10,000, si 100,000, uone namna hata tarakimu zinavyoweza kuhama.

Sataranji. Caturaṅga ya Kisanskriti ni "viungo vinne": tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Ilipita Uajemi kama chatrang na Uarabuni kama shatranj. Tazama Wahispania wanauitaje mchezo huo, utakuta ajedrez, na kitambulishi kilekile cha Kiarabu kimeng'ang'ania mwanzoni kama kwenye azúcar. Kazi yako ni kueleza kwa nini sh ya Kiarabu imekuwa s kwetu, ilhali shamba na shoka zinatamkika vizuri tu.

Pilipili ndiyo ngumu. Kisanskriti kina pippalī, Kiajemi pilpil, Kiarabu filfil. Kiarabu hakina p, na Kiswahili kina f tele: fimbo, fisi, figo. Kama tulipewa na Waarabu, p zetu mbili zimetoka wapi? Ukishapata jibu la mlango, kumbuka kwamba pippalī ilikuwa pilipili ndefu ya India, pilipili manga ni mmea mwingine wa hukohuko, na pilipili hoho na kichaa zilitoka Amerika, zikavikwa jina lililokuwa tayari limezeeka.